Kukata gesi ya hita ya sebuleni usiyoitumia

Katika nyumba nyingi za zamani Uingereza, sebuleni utakuta hita ya gesi imekaa pale palipokuwa na moto wa makaa. Boila, yaani mtambo unaopasha maji ya redieta (mabamba ya joto ya ukutani), inapasha nyumba nzima, kwa hiyo hita inabaki pambo la kufuta vumbi. Kuizima kwa swichi si kuikata: gesi bado imejaa kwenye bomba, imezuiwa na koki moja kuukuu tu. Juu yake dohani imekaa bure, na ndege hupenda kujenga humo. Siku ya baridi kali mgeni akiiwasha na kiota kimeziba, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, hurudi chumbani.

Usijaribu kuikata mwenyewe. Anayelipwa kwa kazi ya gesi lazima awe kwenye Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, iliyochukua nafasi ya orodha ya awali, CORGI, mwaka 2009. Mwombe fundi kitambulisho, ukigeuze: upande wa nyuma ndio unaotaja kazi anazoruhusiwa, na mwenye ruhusa ya boila na majiko tu asiguse hita. Kama umepanga na hita ni ya mwenye nyumba, mwandikie yeye amlete fundi.

Kabla ya kupanga siku, jiulize boila yenu iko wapi. Kama redieta zinapata moto lakini huoni boila jikoni, kabatini wala darini, huenda imefichwa nyuma ya hita hiyohiyo. Hapo kazi ni kubwa zaidi, na fundi aambiwe mapema.

Fundi makini hupima uvujaji kabla ya kugusa chochote, ili tatizo la zamani lisichanganywe na la leo. Kisha hufunga koki kuu kwenye mita. Hita nyingi hulishwa na bomba la shaba la milimita 8 linalotokea pembeni mwa meko na kuishia kwenye elbo, yaani kiungo cha kona, yenye skrubu ya kufungia. Skrubu hiyo isihesabiwe kuwa kizibo. Ni koki kama koki nyingine, nayo huchoka. Bomba lenyewe ni laini: hita ikivutwa kabla nati haijafunguliwa, hujikunja, na kiungo kilichofichwa chini ya sakafu kinaweza kulegea bila mtu kuona.

Hita ikitoka, nyuma yake kuna bati lililobandikwa ukutani kwa tepu. Nyuma ya bati tegemea masizi, vipande vya tofali na vijiti vya viota. Ukiona kamba au ubao wa kijivu wenye nyuzinyuzi, usivunje wala kufagia. Huenda ni asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Haikupigwa marufuku kabisa nchini humo hadi 1999, kwa hiyo kazi isimame mpaka ubao huo upimwe.

Sasa jambo la kusimamia kwa macho yako: bomba linazibwa wapi? Kuliziba palepale mekoni ni haraka na ni halali, mradi kizibo ni cha gesi. Lakini shaba iliyopita ndani ya saruji bila ala ya kuikinga huliwa polepole, nawe utabaki na gesi ukutani pasipokuwa na kifaa. Ukikusudia kupiga plasta shimo hilo, mwambie akate kwenye tii, bomba la hita linapochepuka kutoka bomba kubwa, hata kama itabidi ang'oe ubao wa sakafu.

Kipimo cha mwisho cha uvujaji hufanywa kwa geji ya mgandamizo, mara nyingi mrija wa maji wenye umbo la U. Gesi huwekwa milibari 20, huachwa dakika moja itulie, kisha husomwa kwa dakika mbili. Simama karibu utazame kama kiwango kinashuka. Baada ya hapo boila na jiko viwashwe upya mbele yako, naye akuandikie amefanya nini na ameziba wapi.

Dohani usiizibe kabisa. Acha tundu lenye wavu chini, na juu iwekwe kofia inayozuia mvua na kupitisha hewa. Ukiifunga pande zote, unyevu hutoa madoa ya kahawia kwenye plasta. Tundu la hewa kwenye ukuta wa nje nalo liache mpaka fundi athibitishe kwamba hakuna kifaa kingine kinacholitegemea.

Ukisikia harufu ya gesi baadaye, funga koki ya mita, fungua madirisha, usiguse swichi ya umeme, toka nje upige namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999.