Jinsi ya kuongea na mgonjwa kuhusu figo zake mapema

Wenzangu tunaohudumia wagonjwa, figo haziumi. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo na bado anakula, analala vizuri, kwaiyo ukisubiri alalamike umeshachelewa. Mwenye sukari au presha mpime kila mwaka hata kama anajiskia fiti, kreatinini kwenye damu (taka ambayo figo huitoa) ndo inatupa eGFR, yaani namba inayoonyesha figo zinachuja damu kiasi gani, na albumini (aina ya protini) kwenye mkojo, vyote viwili, manake wengi tunapima damu tu wakati mkojo ndo mara nyingi unatangulia kusema.

Majibu yakitoka usimwambie "figo zimeshuka kidogo" ukaita mwingine. Mi nachukua kalamu namwandikia namba yake ya eGFR kwenye daftari lake, tuseme 52, namwambia mama, chukulia hii kama asilimia ya kazi ambayo figo zako zinafanya, 90 kwenda juu ni nzuri, ikikaa chini ya 60 kwa miezi 3 huo ni ugonjwa, ikifika chini ya 15 ndo tunaongelea mashine ya kusafisha damu. Na tutarudia kipimo, asirudi nyumbani akijiona ameshaisha.

Alafu dawa za maumivu, hapa kaeni kabisa. Ukiuliza "unatumia dawa nyingine?" atasema hapana, manake kwake diklofenaki sio dawa, ni kitu cha kumeza akitoka kazini. Uliza mgongo ukiuma unameza nini, mara ngapi kwa wiki. Siku nyingine aje na vidonge vyote alivyonavyo, avimwage mezani muangalie pamoja. Anayetumia enalapril, dawa ya presha, na dawa ya kukojoza akiongeza ibuprofeni, nayo ya maumivu kama diklofenaki, damu inayofika kwenye figo inapungua na zinaweza kuumia ghafla. Mitishamba nayo uliza bila kukaripia, ukikaripia atakuficha.

Chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na ile ya vyakula vya paketi imo humo. Ila tuache kumwambia kila mtu anywe maji mengi, anayevimba miguu yanaweza kumzidishia.

Kabla hajainuka muombe akueleze kwa maneno yake atafanya nini nyumbani. Juzi mzee mmoja alinijibu, "naacha dawa ya presha nipumzishe figo." Ningeridhika na ile "nimeelewa" yake ya kwanza angeenda kuiacha kweli na presha ndo ingemmalizia figo, ikabidi nivute kiti tuanze upya.