Namna ya kuwamiminia kahawa wakwe kutoka Al Ain

Kwetu Buraimi mpaka ni waya. Upande huu Oman, upande wa pili Al Ain ya Falme za Kiarabu, na usiku tukipanda darini taa zao tunaziona. Waya wenyewe umejengwa juzijuzi tu, miaka ya 2000; kabla ya hapo mtu alivuka kwenda kununua mkate. Koo ni zilezile, ndiyo maana posa haziishi kuvuka.

Sisi asili yetu Unguja. Baba alirudi Oman miaka ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita watu wake, na nyumbani tunasema Kiswahili mpaka leo. Kahawa tulidhani tunaijua. Dada yangu alipoposwa na watu wa Al Ain, dele, yaani birika la kahawa, nilishika mimi, na niliharibu. Basi nawaandikia wenzangu, hasa vijana mtakaosimamishwa barazani ghafla.

Anza jikoni. Lita moja ya maji, vijiko vitatu vya kahawa iliyosagwa nene, ichemke kwa moto mdogo kama robo saa. Ipua, iache machicha yatulie, kisha imimine polepole kwenye dele ambalo umeshatia kijiko cha iliki iliyotwangwa na zafarani kidogo. Mwisho tia marashi mawaridi, nusu kijiko. Yakiwa ya Jabal Akhdar, mlima wa kwetu Oman, bora zaidi, lakini usizidishe, wageni hawakuja kunywa manukato. Sukari hapana. Utamu uko kwenye tende na halua. Kwenye mdomo wa dele chomeka nyuzi za mtende zilizooshwa, zizuie machicha. Mkwe wangu wa hapa Buraimi hakubali chujio la dukani.

Nyumba nyingi za Al Ain kahawa yao ni nyeupe kuliko yetu, buni haikaangwi sana. Usiseme yetu ndiyo ya asili. Nilimsikia jamaa mmoja akilisema hilo mbele ya wageni, pakawa kimya. Mwaka 2015 Oman, Falme za Kiarabu, Saudia na Qatar waliiandikisha kahawa hii UNESCO kwa pamoja, na majlisi, yaani baraza yenyewe, ikaandikwa mwaka huohuo. Mwaka mmoja nyuma yake Oman na Falme walikuwa wameshaiandikisha ayala, ngoma ya fimbo na mashairi. Wakubwa wameshakubaliana kuwa ni mali ya wote, wewe wa jikoni unagombea nini?

Wageni wakiingia, wanaume wa Falme husalimiana kwa kugusana pua. Mzee akikusogelea usirudi nyuma kama aliyeona nyoka. Mwache aongoze yeye.

Wakishakaa huja habari, na hapa Mswahili yuko nyumbani. Mwenyeji anauliza «ulum?», yaani habari gani, mgeni anajibu hakuna ila kheri, kisha yeye naye anauliza na kujibiwa vilevile. Ni kama sisi na «hujambo, sijambo» huku mtu ana homa. Habari za kweli zitakuja baadaye. Wewe mmiminaji simama tu, usiwakatize.

Sasa tende na halua zinatangulia, pamoja na bakuli la maji ya kunawa vidole. Kisha kahawa. Dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, siku zote. Anza na mgeni mkubwa, halafu endelea kuliani kwake. Mimina kidogo, robo ya finjani, funda mbili tatu. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipotokea. Kwetu kikombe kisichojaa ni uchoyo, basi nikajaza mpaka ukingoni. Mzee akakitazama, akanitazama, akacheka. Mkwe wangu akaninong'oneza: ukimjazia mtu finjani unamwambia anywe aende zake, na tena unamuunguza vidole.

Usikae. Simama karibu umwangalie mkono. Akikurudishia finjani bila kuitikisa, mwongeze. Akiitikisa kidogo, huku na huku, ametosheka, chukua. Kwa kawaida watu hawapiti tatu. Hakuna haja ya kusema «ongeza bwana, kunywa», kubembeleza ni kwa chakula.

Kosa la pili ndilo lililonitoa jasho. Baba wa kijana alipokea finjani yake, akaiweka chini mbele yake, hakuinywa. Nikasubiri. Haikuguswa. Mimi nikajiambia imepoa, au marashi yamezidi, nikainama nikaiokota nimbadilishie. Baraza zima likashtuka! Mkwe wangu akanikamata kifundo cha mkono, akaitwaa finjani, akairudisha palepale ilipokuwa.

Kumbe mgeni mwenye haja haji na haja mdomoni. Anaiweka kahawa chini, na hiyo finjani ndiyo inayoomba. Mwenyeji ndiye anayetakiwa kuuliza: una nini? Mgeni anaeleza. Mwenyeji akiridhika anamwambia kunywa kahawa yako, na hapo jambo limekwisha. Mtu akiondoka bila kunywa, majirani watajua kabla ya magharibi. Mimi nilikuwa nakaribia kuitoa posa ya dada yangu nikaimwage jikoni. Kwa hiyo finjani iliyowekwa chini usiiguse, hata ikipoa kama barafu.

Tukija kwenye mazungumzo: reli ni salama. Wote wanapenda kuzungumza juu ya reli inayojengwa kuunganisha Sohar na Abu Dhabi, wameipa jina la Hafeet, mlima wetu huu unaoonekana kutoka pande zote mbili. Ziara za wafalme pia salama, Sheikh Mohamed bin Zayed, rais wa Falme, kuja Muscat mwaka 2022 na Sultan Haitham wetu kwenda Abu Dhabi mwaka 2024. Lakini ya zamani yaache. Vijiji vya bonde hili vilikuwa tisa, sita vya Abu Dhabi na vitatu vya Oman. Mwaka 1952 Saudia ikaweka watu wake Hamasa, kimoja cha hivyo vitatu, wakatolewa 1955. Kila mzee ana upande wake wa kisa hicho, na hakuna posa iliyowahi kunufaika nacho.

La mwisho ni chetezo. Weka makaa mapema, yawe mekundu bila moshi wa kuni, kisha udi. Kipitishe kwa mpangilio uleule wa kahawa, kila mtu ajifukize kilemba na nguo. Wenyewe wana msemo kuwa baada ya udi hakuna kukaa. Kwa hiyo usikilete mapema, utakuwa umewafukuza. Kikishapita, watasimama, na wewe usiwazuie.

Sisi tulikuwa na ami yangu, mtu mzima aliyekulia Malindi ya Unguja. Wageni wamejifukiza, wamevaa viatu, wako mlangoni, yeye akawafuata na Kiarabu chake cha Kiunguja: «Mbona mapema hivyo? Hata chai hamjanywa!» Yule mzee wa Al Ain akasimama, mguu mmoja nje, akamtazama mkwe wangu kama anayeuliza arudi ndani au vipi.

Alirudi. Tukaweka chai.