Jinsi ya kulinganisha silaha za ndege vita za Vita vya Pili vya Dunia bila kudanganywa na idadi ya bunduki

Kila ukianza mjadala wa ndege za kivita za zamani lazima atokee mtu aseme Spitfire ya Waingereza ilikuwa na bunduki nane bana, Messerschmitt ya Wajerumani nne tu, kwisha habari. Haijaisha. Idadi ya bunduki peke yake haikwambii kitu, ila kuna hesabu rahisi unaweza kufanya mwenyewe kwa kalkuleta ya simu ukapata picha nzuri.

Kabla ya yote hakikisha unajua toleo. Spitfire Mk I (Mk ni alama ya toleo) ilibeba rashasha nane za milimita 7.7, Mk VB ikaja na mizinga miwili ya milimita 20, yaani bunduki kubwa zinazofyatua makombora badala ya risasi za kawaida, pamoja na rashasha nne, hizo kwa silaha ni ndege mbili tofauti kabisa ingawa jina ni lile lile. Zero ya Wajapani, Hurricane ya Waingereza, Bf 109 (ndo ile Messerschmitt), zote ziko hivyo hivyo, kwahiyo mtu akikutajia jina tu muulize ni toleo lipi.

Sasa hesabu. Chukua risasi zinazofyatuliwa kwa dakika, gawa kwa 60, zidisha kwa uzito wa risasi moja, alafu zidisha kwa idadi ya bunduki. Spitfire Mk I kila rashasha ilipiga kama risasi 1,150 kwa dakika, yaani 19 kwa sekunde, na risasi moja ina gramu 11 na kitu. Bunduki zote nane zinatoa risasi kama 150 kila sekunde, uzito wake kama kilo 1.7. Njoo kwa Bf 109 E-4, mizinga miwili ya milimita 20 inatoa makombora kama 18 kwa sekunde, ukichukua yale mepesi ya gramu 92 unapata kilo 1.6 na ushee, ongeza rashasha mbili za puani unafika kama kilo 2. Umeona? Bunduki nne zimezipita nane.

Na hapo bado hujagusa kilichomo ndani. Risasi ya rashasha inatoboa tundu basi, labda ipate tangi au rubani mwenyewe, lakini lile kombora la Wajerumani la gramu 92 lilikuwa na ganda jembamba makusudi ili liingize baruti nyingi, karibu gramu 18, linaingia ndani ya bawa ndo linalipuka na kuchana bati kutokea ndani. Kwahiyo kilo moja ya makombora na kilo moja ya risasi za kawaida sio kitu kimoja, usizijumlishe ukadhani umemaliza.

Hatua inayofuata wengi wanairuka, nayo ni muda. Gawa risasi zilizopo kwa zile zinazotoka kila sekunde. Spitfire ilikuwa na risasi 300 kwa kila bunduki, hiyo ni sekunde 15 hivi. Ile mizinga ya Bf 109 E ilikuwa na makombora 60 tu kila mmoja, sekunde 7 yamekata na rubani anabaki na rashasha zake mbili. Mustang P-51D, yenye rashasha sita za milimita 12.7, mbili za ndani zilikuwa na risasi 400 kila moja na nne za nje 270, yaani unaanza na zote sita kwa kama sekunde 20 alafu zinabaki mbili zinaendelea. Kwa maoni yangu hiyo ndo sababu kubwa ya marubani wa Marekani kuridhika nazo.

Angalia pia bunduki zimekaa wapi. Za kwenye mabawa zinageuzwa kidogo ili risasi zikutane mbele. Waingereza walianza na umbali wa kama mita 365, marubani wakaona ni mbali mno wakashusha hadi kama mita 230. Ukiwa karibu au mbali kuliko hapo moto wako unatawanyika. P-38, ndege ya Marekani ya injini mbili, iliweka silaha zote puani, haikuwa na shida hiyo, maana injini zake zilikuwa pembeni. Ila ndege ya injini moja ikipigia kati ya mapanga ya propela, bunduki lazima isubiri panga lipite, inapunguza kasi ya kufyatua.

Jiulize pia rubani alikuwa anampiga nani. Me 262, ndege ya jeti ya Wajerumani, ilikuwa na mizinga minne ya milimita 30, fanya hesabu utapata kilo 14 kwa sekunde, balaa! Lakini kombora lilitoka kwa kasi ya mita 540 tu kwa sekunde, linashuka mapema, kuipata ndege ndogo ya kivita inayojipinda ni kazi. Mizinga hiyo ilifaa zaidi kwa midege ya mabomu kama B-17 ya Marekani, ambayo Wajerumani walikadiria ilihitaji makombora manne hivi ya milimita 30 kuiangusha.

Mwisho, kabla hujatangaza mshindi chunguza kama silaha ilikuwa inafanya kazi kweli. Mwaka 1940 kikosi namba 19 cha Uingereza kilipewa Spitfire za mizinga ya milimita 20, kwenye karatasi moto wa kutosha, ila mizinga ililazwa ubavu ili iingie kwenye bawa jembamba na ikawa inakwama kila mara, mpaka marubani wakaomba warudishiwe zile za zamani za rashasha nane, wakarudishiwa.