Gamu ya nikotini haitafunwi kama jojo

Nilivuta sigara miaka 19, paketi moja kwa siku, na ya kwanza niliiwasha kabla sijavaa viatu. Nimejaribu kuacha mara tatu. Mara mbili za mwanzo nilinunua dawa za nikotini, yaani gamu na bandiko la ngozini vinavyompa mvutaji nikotini bila moshi, na mara zote mbili nikarudi kwenye fegi huku nikiapa kwamba dawa hizo ni utapeli mtupu. Mara ya tatu nilitumia dawa zile zile, na huu ni mwaka wa sita. Nilichobadilisha ni namna ya kuzitumia.

Wavutaji wenzangu wa zamani huniuliza kama kweli zinasaidia. Zinasaidia, ila usingoje muujiza. Mwaka 2018 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walikusanya majaribio zaidi ya 130, yenye watu zaidi ya 64,000, wakaona kwamba dawa hizi huongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60. Soma hesabu hiyo kwa makini. Wanaoacha kwa kujikaza tu na kumaliza mwaka bila kuvuta ni wachache sana, na ukiwaongezea nusu yao bado hawawi umati. Kwa hiyo ukianguka hata ukiwa na dawa, uko na wengi.

Wengi huzitupa mapema kwa sababu wanangoja raha ya sigara. Hawataipata. Pafu moja hufikisha nikotini kwenye ubongo ndani ya sekunde kama 10 hadi 20. Gamu huchukua dakika kadhaa, na bandiko la ngozini huchukua saa. Kazi ya dawa ni kupunguza arosto: ule mkono unaopapasa mfuko wenyewe, hasira za bure, usingizi wa vipande vipande. Arosto huwa kali zaidi wiki ya kwanza, kisha hulegea taratibu ndani ya wiki tatu au nne.

Gamu ndiyo iliyonitesa kwanza. Niliitafuna kama jojo, haraka haraka, nikameza mate yote. Nikapata kwikwi, kiungulia na kichefuchefu, na hamu ya sigara ikabaki pale pale. Miaka miwili baadaye mfamasia mmoja aliniuliza nilikuwa naitafunaje. Nikamwonyesha kwa taya. Akacheka, akasema, "Kaka, hii unaitafuna kidogo, halafu unailaza." Nikotini ya gamu hupenya kwenye ngozi laini ya ndani ya shavu. Ukiimeza, inapita kwenye ini, na sehemu kubwa inavunjwa huko kabla haijafika kichwani.

Basi itafune polepole mpaka uhisi mchonyoto kama wa pilipili. Ukiuhisi, acha kutafuna, ibane kati ya shavu na ufizi. Mchonyoto ukipotea, itafune tena mara chache, uihamishie shavu la pili. Endelea hivyo kwa dakika 30 hivi. Dakika 15 kabla ya gamu, na wakati iko mdomoni, usinywe kahawa, soda wala juisi, maana asidi huzuia nikotini kupenya. Mimi nilikuwa naishushia na kahawa kila asubuhi!

Kuhusu nguvu yake: kama sigara yako ya kwanza unaivuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka, chukua ya miligramu 4. Ukiweza kungoja zaidi ya hapo, ya 2 inakutosha. Wiki sita za mwanzo tumia moja kila baada ya saa moja au mbili, bila kungoja arosto ikupande, na usizidishe 24 kwa siku.

Jaribio la pili nilitumia bandiko peke yake. Lilinituliza vizuri hadi siku niliyogombana na mtu kazini. Bandiko linatoa nikotini kwa mwendo ule ule mchana kutwa, halijui kama umekasirika. Nikavuta moja, nikaogopa kuchanganya, nikabandua bandiko, na jioni nilikuwa na paketi nzima. Siku hizi namwambia mtu hivi: ukiteleza, acha bandiko lilipo, tupa sigara zilizobaki, endelea.

Mara ya tatu nikaviunganisha, bandiko kama msingi na gamu kwa zile dakika mbaya. Uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mchanganyiko huu unashinda dawa moja peke yake. Kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, utaratibu wa kawaida wa bandiko la saa 24 ni miligramu 21 kwa wiki sita, 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Yapo pia ya saa 16 yenye vipimo vingine, kwa hiyo soma karatasi ya ndani. Libandike juu ya kiuno, kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele wala mafuta, na kila siku uhamie mahali pengine, la sivyo utawashwa. Likikuletea ndoto za ajabu (zangu zilikuwa na rangi kuliko sinema) libandue kabla ya kulala, na gamu iwe tayari kando ya kitanda.

Kichefuchefu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio ni dalili kwamba umezidisha. Lakini kagua kahawa kwanza: moshi wa sigara hufanya ini livunje kafeini haraka, na ukiacha kuvuta, kikombe kile kile kinakuwa kikali zaidi. Mimi nilitetemeka wiki nzima nikilaumu bandiko.

Mjamzito, aliyepata shtuko la moyo karibuni au mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa aonane na daktari kwanza. Bandiko lililotumika likunje, gundi kwa gundi, uliweke mbali na watoto, kwa sababu bado lina nikotini ya kumdhuru mtoto.

Nilimaliza mabandiko kwa ratiba. Gamu niliendelea nayo miezi miwili zaidi, moja kwa siku, kisha nusu. Ya mwisho ilikaa mfukoni mwa koti hadi ikapitwa na tarehe.