Dume na jike: namna ya kupima moyo wa panya aliyekaa kwa dawa za kuchangamsha

Kama uko chuo cha Maseno ama Egerton pale Njoro na unapanga projekti ya dawa za kuchangamsha, iwe methamfetamini ama ile kathinoni iko ndani ya miraa inayouzwa kwa steji za Kisumu, tafadhali usinunue madume peke yake. Kwa miaka mingi majike waliachwa nje eti mzunguko wao wa uzazi wa siku 4 ama 5 utavuruga data, na inaniuma juu wanawake wanaotumia hizi dawa wako na moyo pia. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, kutoka 2016 inataka jinsia iangaliwe tangu kupanga.

Kwanza pata ruhusa ya kamati ya wanyama na NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi. Halafu unda makundi manne: dume wa dawa, dume wa maji ya chumvi, jike wa dawa, jike wa maji ya chumvi (hawa wa maji ni wa kulinganisha), wote umri mmoja. Wadunge saa ile ile kila siku. Ukitumia miraa, igandishe mara moja ikiwa mbichi juu kathinoni huvunjika majani yakikauka. Madume wasiojuana usiwaweke keji moja, watapigana, na hiyo presha ya vita utadhani ni dawa.

Sasa hapa ndio wengi huanguka. Dawa inamwaga noradrenalini, kemikali ya mwili ya kuamsha moyo, moyo unakimbia na kusukuma kwa nguvu, na ikiendelea wiki nyingi msuli unaweza kunenepa na kuota makovu ya kolajeni. Lakini dawa hiyo hiyo inaua hamu ya kula. Wengi hugawanya uzito wa moyo kwa uzito wa mwili: moyo wa miligramu 120 kwa panya wa gramu 25, unapata 4.8, panya akikonda mpaka gramu 22 na moyo ubaki vile vile unapata karibu 5.5, unaandika moyo umekua na haujakua hata kidogo! Na dume huwa mzito kuliko jike, kwa hivyo hesabu inaharibika zaidi. Gawanya uzito wa moyo kwa urefu wa mfupa wa muundi, huo haukondi. Dozi nayo ipige kwa kilo, na upime uzito upya kila wiki.

Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, fanya panya akiwa na ganzi kidogo tu. Akiwa macho moyo wake hupiga kama 500 hadi 700 kwa dakika, ganzi ikizidi unashuka sana na vipimo vyote vinabadilika, so linganisha panya wenye mapigo yanayokaribiana. Anayesoma slaidi za kolajeni asijue nani ni nani. Siku ya mwisho chukua smia ya jike, yaani seli za uke za kuangalia kwa darubini, uandike yuko hatua gani ya mzunguko.

Kwa takwimu, thamani ya p (chini ya 0.05 watu huita tokeo la maana) ya 0.03 kwa madume na 0.08 kwa majike haimaanishi wako tofauti, bana. Pima mwingiliano wa jinsia na dawa, yaani kama dawa inafanya tofauti kwa dume na kwa jike, kwa ANOVA ya njia mbili (jaribio la kulinganisha wastani wa makundi), na hapo panya wachache hawatoshi, piga hesabu ya idadi kabla hujanunua. Kwa grafu onyesha nukta ya kila panya.