Kijana wa SS anaweza kucheza mpira
Papa mwenye kijana wa SS (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi) hapa Goma, daktari akikubali, usimfungie nyumbani. Aanze na dakika 20 za mpira mwepesi, mara 2 kwa juma, akipumzika kila anapoanza kuhema. Mbio kali za kurudiarudia ndizo mbaya: damu inakosa oksijeni, chembe zake zinajikunja na kuziba mishipa, ndipo maumivu ya mifupa yanaanza.

Maji anywe kabla ya kiu, bilauri moja kila dakika 15 au 20. Mchezo ukiisha, avue jezi iliyoloa jasho na kuvaa sweta papo hapo. Kujitupa katika Ziwa Kivu kujipoza, hapana. Baridi ya ghafla huleta kriz, yaani shambulio la maumivu hayo. Na kupanda mlima Nyiragongo, mita 3,470, ambako oksijeni ni kidogo, awaachie wenzake.

Usimwambie "jikaze, wewe ni mwanaume". Atajifunza kukuficha maumivu. Patana naye na kocha: akiinua mkono anatoka, bila maswali, na anabaki mchezaji wa timu.

Kuna jambo ambalo mama hataambiwa, kwa hiyo ni lako: uume unaosimama wenyewe kwa maumivu. Mweleze mapema kwamba ni ugonjwa, si aibu. Ukisimama hivyo kwa muda unaozidi saa 2, hospitali, hata usiku wa manane. Vilevile homa ya 38.5, kifua kuuma au pumzi kukatika: usingoje asubuhi.