Daftari la matende: nani aandikwe wapi

Kabla ya kumtazama mtu mguu, muulize ameishi wapi. Huku Faza, kisiwani Pate, Lamu, wanaume huenda na bahari. Umkutaye Kizingitini leo huenda miaka yote alikuwa Mombasa. Minyoo ya matende, Wuchereria bancrofti, huishi mwilini miaka 6 hadi 8, basi mimi huandika maskani ya miaka hiyo. Muulize pia kama alimeza dawa tatu za matende zilizogawiwa Lamu Mashariki mwaka 2018.

Mgonjwa wa yamkini, yaani anayeelekea kuwa na matende ila damu haijathibitisha, ni mkazi wa eneo lenye matende, ana busha au kiungo kilichovimba, na sababu nyingine zimeondolewa. Hapo kwenye kuondoa ndipo penye kazi. Miguu yote miwili ikiwa imevimba sawasawa na mtu anahema akipanda ngazi, apimwe moyo na figo kwanza. Mjamzito msubiri ajifungue. Anayedhaniwa ana busha mlaze chali: ngiri mara nyingi hurudi tumboni, na akikohoa utaihisi ikisukuma vidole, busha halirudi. Zima taa, weka tochi nyuma ya uvimbe. Maji ya busha kwa kawaida hupitisha mwanga, ukaona wekundu.

Kazi hii namwachia mwenzangu mwanamume, mlango umefungwa. Mzee aliyelificha busha lake ndani ya kikoi miaka na miaka haulizwi barazani mbele ya wajukuu.

Aliyethibitishwa ni yule ambaye damu yake imeonyesha vimelea au antijeni (chembe zinazotoka kwa minyoo), hata kama hana uvimbe wowote. Madaftari mengi huharibikia hapa. Kijana mzima anayecheza mpira, kipimo kikitoka chanya, ni mgonjwa aliyethibitishwa. Mbu akimuuma anaweza kubeba vimelea kwenda kwa jirani. Naye mama mwenye mguu wa mikunjo, kipimo kikitoka hasi, tafadhali usimfute! Minyoo yake huenda ilikufa zamani, ikaacha mishipa ya limfu, inayoondoa maji mwilini, imeharibika. Anabaki wa yamkini, na huduma yake iko palepale.

Kipimo cha ukanda, kinachotafuta antijeni, kisome dakika ya 10 kamili, saa mkononi. Ukikiacha, mstari hafifu unaweza kujitokeza baadaye ukakudanganya. Damu ya darubini ichukuliwe kati ya saa 4 na saa 8 usiku, vimelea vichanga vinapojaa kwenye damu.

Mtu mmoja, mstari mmoja, hata akiwa na busha na mguu pia. Mguu uandikie hatua: uvimbe ukiisha usiku kucha ni ya 1, usipoisha ni ya 2, na kuendelea hadi ya 7, ambapo mtu hawezi tena kujihudumia. Tenganisha vidole uangalie vidonda katikati yake, na uandike homa na maumivu ya mguu yamempata mara ngapi mwaka huu.

Wenye busha wanakiliwe pia kwenye orodha ya upasuaji, na orodha hiyo ipelekwe wiki hiyohiyo.